Barua kwa mwanangu: kadi za harusi zichapwe lini

Moshi, Jumapili 5 Julai 2026

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma. Umeuliza kadi za harusi zichapwe lini, na kama kuna haja ya karatasi siku hizi ambapo watu wanatumiana kadi za simu. Nakujibu kwa barua, maana kwenye simu utasoma mistari miwili uniambie "sawa baba".

Umesema "kadi" kana kwamba ni moja. Ziko mbili: ya mchango na ya mwaliko, na kila moja ina kalenda yake. Miaka yote niliyosimama kwenye mashine ya chapa hapa mjini, wateja waliokuja wanahema ni wale waliozichanganya.

Ya mchango usiihesabu kwa wiki, ihesabu kwa mishahara. Harusi ni Jumamosi tarehe 19 Desemba. Kadi ikimfikia mtu kabla Agosti haijaisha, ana mishahara minne ya kupunguza ahadi yake. Ikimfikia Novemba, inamkuta anawaza ada za Januari. Kwa hiyo kamati ikae kikao cha kwanza mwezi huu huu, na mwisho wa michango uandikwe tarehe 30 Novemba, kwa kuwa mwenye ukumbi na mpishi watataka idadi mapema. Hii ndiyo ya kutuma kwa simu, na namba ya mweka hazina chini yake. Usiitupie hela, hakuna anayeitunza.

Ya mwaliko ndiyo yenye kazi. Usiipeleke kuchapwa kabla kanisa halijakuthibitishia saa. Desemba Wachaga wote wako nyumbani, na hata jozi tatu za maharusi zinaweza kufungishwa ndoa kwenye ibada moja. Saa 8:00 mchana uliyoomba inageuka saa 5:00 asubuhi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa siku 21 kabla, na kanisani mtatangazwa Jumapili tatu, basi msingoje Novemba kwenda kuandikisha. Na wale wenzako wa kazini wasiojua Kiswahili watengenezee yao kwa Kiingereza, saa ziandikwe kwa hesabu yao. Nilishamwona mgeni amekaa peke yake mlangoni mwa kanisa tangu asubuhi, kadi mkononi imeandikwa saa 8:00.

Idadi: ukumbi wa watu 400 hauna maana ya kadi 400. Ukitoa double 130, hao ni watu 260. Single 140 wanajaza nafasi zilizobaki. Jumla kadi 270. Chapisha 300. Wakwe zako watataka fungu lao, na ukirudi kwa mchapaji kuongeza kadi 20 atakutoza karibu kama anaanza upya, maana mashine inaandaliwa vilevile. Jina la mgeni liache wazi, lijazwe kwa mkono baada ya mweka hazina kufunga daftari. Mpe mchapaji kazi katikati ya Novemba, uzichukue kabla mwezi haujaisha, zianze kugawiwa wiki ya kwanza ya Desemba. Ukizigawa Oktoba, nusu zitapotea.

Kadi ya simu yenye jina la mgeni na ule msimbo wa kuskani mlangoni siipingi. Rafiki zako wa Mwanza na Dar watumie hiyo. Lakini mjomba wako wa Marangu, shangazi zako, mchungaji na jirani zetu wa ukuta hadi ukuta, hao wapelekewe ya karatasi, tena upeleke wewe, ukae, unywe chai. Mjomba akioneshwa mwaliko wake kwenye simu ya mjukuu atakuja harusini, ila utayasikia kwenye kila msiba kwa miaka kumi.

Sasa jambo lililonifanya nichukue kalamu. Mwaka 1996 tulichapa kadi 300 za familia moja. Maneno niliyapanga mimi, nikanakili mtindo wa kadi ya wiki iliyopita: "binti wa Bwana na Bibi" fulani. Mwenye kazi akakagua tarehe, akakagua ukumbi, akasaini prufu, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa. Kadi zikafika kwa mama wa binti. Alikuja kiwandani mwenyewe na kadi moja, akaiweka mezani, akafunika jina la mumewe kwa kidole gumba. "Huyu tulimzika mwaka juzi," akasema. Hakugomba. Tulikesha, pleti mpya za kuchapia, karatasi mpya, gharama yetu.

Mwenzio naye amempoteza baba. Mtu wa duka la kadi atakufungulia kadi iliyokwisha kutengenezwa kwenye kompyuta, atabadilisha majina, na "Bwana na Bibi" itabaki palepale. Kwa hiyo prufu isomwe na watu watatu: wewe, mwenzio, na mtu mmoja wa ukoo wao. Isomwe kwa sauti, jina kwa jina.

Kabla ya kikao, panda ukamwone mama yake. Muulize wanataka "marehemu" iandikwe kabla ya jina au wanatumia "hayati", na yeye mwenyewe jina lake analiandikaje. Usimwulize kwa meseji. Akishakujibu, niandikie kama alivyotamka, herufi kwa herufi, nikupangie maneno.

Baba yako