Kambare wachanga na kaka zao

Nyumba isiyo na mkubwa huitwa familia ya kambare: baba ana ndevu, mama ana ndevu, mtoto ana ndevu. Mimi nimeishi na familia hiyo sebuleni kwangu, hapa Nyakato, Mwanza, na ndevu zao hazijawahi kunisumbua. Kilichonisumbua ni midomo.

Vifaranga wangu wa kwanza walitoka kwenye ndoo ya chambo. Wavuvi wanaotega ndoano za sangara hutumia kambare wadogo, kwa hiyo ukiwahi mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, alfajiri unaweza kuwapata. Nikanunua 60, urefu wa kidole cha mwisho, nikawamimina kwenye tangi la kioo la lita 100 alilonitengenezea fundi wa madirisha. Baada ya wiki nikahesabu 37. Hakuna aliyeelea, hakuna harufu. Nikamshuku paka wa jirani, nikaweka jiwe juu ya mfuniko. Usiku mmoja nikamulika tochi, nikamwona mmoja ametulia pembeni, tumbo limevimba, mkia wa mwenzake unaning'inia mdomoni.

Jirani yangu, mzee aliyetega ndoano miaka mingi, alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, umemlaza kaka na mdogo wake chumba kimoja, tena na njaa!"

Ndiyo siri yenyewe. Kambare wa tumbo moja hawakui sawa. Siku chache tu, wawili watatu wanawatangulia wenzao, na akishampita mwenzake vya kutosha anammeza. Siku hizi kila baada ya siku tano nawachambua kwa beseni na chujio la chai (nilinunua lingine la jikoni, yasije yakawa maneno). Wakubwa wanabaki kwenye tangi, wadogo wanahamia ndoo yenye mpira wake wa hewa. Chakula nagawa mara nne au tano kwa siku, kidogo kidogo, na fungu kubwa nawapa jioni kwa sababu hawa ni watu wa usiku. Mwanga hawaupendi. Nimefunika pande tatu za kioo kwa kitenge cha zamani na kutupia vipande vya bomba la plastiki ndani, wajifiche humo. Wakitulia, kuumana kunapungua.

Wakifikia saizi ile ya chambo, dagaa waliosagwa na kuchekechwa wanawafaa sana. Chukua dagaa waliokaushwa kwenye chanja. Wale wa mchangani ni rahisi, lakini mchanga wao unatua chini ya tangi na uchafu unajificha humo. Wachanga zaidi ni habari nyingine. Mtoto akishaanguliwa huishi kwa kiini alichobeba tumboni siku mbili tatu, kisha anataka kitu kinachocheza mbele yake. Mimi nafuga viroboto maji, vijidudu vidogo vya majini, kwenye ndoo ya maji ya kijani iliyokaa juani. Kuna wanaosifia kiini cha yai la kuchemsha. Nilikijaribu mara moja, asubuhi maji yalikuwa kama maziwa, sirudii.

Awamu ya pili ndiyo iliyoniuma. Niliwachukua wa siku kumi kutoka kwa mzalishaji, nikijiambia kambare hafi kwa kukosa hewa, kwani si tunamwona anaishi kwenye tope? Kumbe kile kiungo chake cha kuvutia hewa ya juu hazaliwi nacho tayari. Huanza kumsaidia akiwa na wiki mbili tatu hivi. Umeme ulikatika usiku, pampu ya hewa ikazima, na asubuhi nikawakuta wamelala chini, weupe, karibu wote. Sasa nina pampu ndogo ya betri. Kama huna, kaa na kikombe: chota, inua juu, mimina, rudia mpaka umeme urudi au mkono ukatae.

Maji ya bomba yaache wazi kwenye ndoo siku nzima, dawa itoke, ndipo ubadilishe theluthi moja, huku ukifyonza kinyesi cha chini kwa mpira. Ya ziwani usiyafuate. Utarudi na wadudu wa samaki, na wewe mwenyewe ukisimama majini pale ukingoni unaweza kurudi na kichocho.

Na funika tangi, tena kwa kitu kizito. Wangu walipofika urefu wa kiganja, mmoja alitoka usiku, nikamkuta chini ya kabati la vyombo, vumbi limemganda mwili mzima, bado anahema. Nilimsuuza nikamrudisha. Kesho yake wenzake wote nikawapeleka kwenye bwawa la rafiki yangu huko Kisesa, maana kwa saizi ile sebule haiwatoshi tena.

Huyo wa kabatini nimebaki naye. Anakaa peke yake.