Kabla hujaiamini namba ya 280

Nilipoanza kupima protini, nilielekezwa kwa ufupi: weka sampuli kwenye spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa, soma kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 280, piga hesabu ya ukolezi. Siku moja nilifurahia sana namba kubwa niliyoipata. Nilipoizungusha sampuli kwenye sentrifuji, protini nyingi ikatua chini. Ilikuwa imegandana, na vibonge vyake vilikuwa vikitawanya mwanga, mashine nayo ikahesabu kwamba umefyonzwa. Tangu hapo napima kuanzia 240 hadi 350. Kama kwenye 340 mstari haujashuka karibu na sifuri, na protini yako haina rangi, shuku kugandana.

Ujue pia ni nini hasa kinachofyonza. Kwenye 280 kazi kubwa hufanywa na triptofani, kisha tairosini, ambazo ni asidi amino, yaani vipande vinavyounda protini. Ndiyo maana miligramu moja ya lisozaimu ya yai kwa mililita husoma takriban 2.6, na albumini ya damu ya ng'ombe takriban 0.67 tu. Insulini haina triptofani hata moja. Basi anza na mfuatano wa asidi amino za protini yako mwenyewe.

Mkunjo, yaani jinsi protini ilivyojikunja, nao huathiri ufyonzaji, ingawa hapa sauti yake ni ndogo. Triptofani iliyojificha ndani ya protini, mbali na maji, ikifunuliwa, kilele chake husogea kidogo kuelekea mawimbi mafupi. Mabadiliko hayo huonekana vizuri karibu na 292.

Kwa protini zenye rangi, sauti hiyo ni kubwa mno, na hapa ndipo nilipolipenda somo hili. Astazanthini, kemikali ya rangi, peke yake hufyonza karibu na 480, ikaonekana nyekundu ya machungwa. Protini ya gamba la kambakoche huibana na kuisogeza hadi karibu 630, gamba likawa la buluu. Ukilichemsha, protini inakunjuka na wekundu unarudi. Retinali, molekuli inayofyonza mwanga jichoni, nayo ni ile ile kwenye seli zote za kuona rangi. Protini inayoizunguka ndiyo inayoamua ifyonze karibu na 420, 530 au 560.

Kwa hiyo ukipewa protini ya namna hiyo, andika daima kilele cha rangi pamoja na 280. Ukikuta 280 haijabadilika lakini rangi imefifia, protini bado imo, ila huenda mkunjo wake umeharibika au imepoteza kibeba rangi chake, yaani molekuli inayoipa rangi. Usiendelee na jaribio kwa sampuli hiyo.