Hiyo 52 iache kwanza dukani, niambie PW yako inapiga yadi ngapi

Mkuu usitume hiyo hela. Umeandika PW (pitching wedge) ya seti yako mpya ya fimbo za gofu ni digrii 44 za lofti (mwinamo wa uso wa fimbo, namba ikiongezeka mpira unapanda zaidi na unaenda karibu zaidi), sendi weji yako, ile ya mchangani, ni 56 ya zamani, kesho unaenda kuchukua gepu weji (ya kujaza pengo kati ya hizo mbili) ya 52 kwa jamaa kwa sababu "ndo saizi ya kawaida", halafu unaulizia baunsi (pembe ya tumbo la fimbo), unaulizia shafti (mpini), unaulizia kama uchukue ya seti au hizi zinazouzwa mojamoja. Nilipofika hapo kwenye saizi ya kawaida moyo ukanilipuka paa, maana hayo maneno mimi nimeyanunua kwa laki tano na ushee. Saizi ya kawaida iko kwenye ndala bana, kwenye weji hakuna kitu kama hicho.

Sikia stori yangu halafu ukitaka nenda kapigwe, ila usije kusema hukuambiwa.

Nilinunua seti ya TaylorMade M4, used, kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, safi kabisa, na ndani yake kulikuwa na fimbo moja imeandikwa A na nyingine S. Hiyo A sikuielewa. Niliipiga mara mbili tatu renji (uwanja wa mazoezi) ikaenda, nikairudisha kwenye begi ikakaa kule kama mgeni msibani. Sasa kiwandani seti ile PW ni digrii 43.5, A (ndo gepu weji yenyewe) ni 49, S (sendi weji) ni 54. Angalia hapo, tano na nusu, halafu tano. Wenzio wamekujengea ngazi, kazi yako ni kupanda tu. Mimi nikang'oa kipandio cha katikati, tena nikalipia ufundi.

Aliyeniongoza ni muuzaji mmoja, simtaji yeye wala duka lake. Nilienda kununua glavu. GLAVU wakuu. Akachungulia begi langu akacheka, "kaka bado unatembea na A? Hiyo ni ya kina mama na wastaafu, mchezaji anabeba 52." Akatoa weji mpya ya Vokey, 52 baunsi 8, bado iko kwenye nailoni, inameta kama sufuria ya harusi. Yule mtu hakuniuliza PW yangu ni digrii ngapi, hakuniuliza napiga yadi ngapi, hakuniuliza hata jina. Akasema hiyo A nimuachie atanipunguzia elfu hamsini. Nikamwachia. Na nikamshukuru! Soda nilimnunulia mimi, mjue.

Fimbo yenyewe haina kosa, nzuri mno, kosa ni la kichwa kilichoinunua. Maana hebu tupige hesabu pamoja. PW yangu ikiruka vizuri inatua yadi 120. 52 inatua 94. Sendi weji ya 54 inatua 88. Umeona? Kati ya PW na 52 kuna shimo la yadi 26, unaweza kupitisha daladala hapo, halafu kati ya 52 na 54 yadi sita, yaani nimebeba mapacha, nalipa nauli ya watoto wawili wanaofanya kazi moja. Ile A niliyoigawa ilikuwa inatua 104, katikati kabisa, kama imetumwa.

Sikuligundua hilo mpaka siku ya mashindano ya medali ya mwezi. Shimo la par 4 (la kumaliza kwa mapigo manne), draivu yangu, pigo la kwanza, nzuri siku hiyo (huwa inatokea), nimebakiza yadi 107 kwenye pini (bendera ya shimo) na mbele ya grini, pale pini ilipo, kuna bwawa. Nikasimama pale nikaangalia begi, begi likaniangalia. Kedi wangu, mbeba begi, akaniambia taratibu, "bosi shika chini kidogo, piga PW robo tatu." Mimi nikamjibu nina 52 mpya. Nikaipiga kwa nguvu zote za ukoo wetu. Unajua weji ukiilazimisha inafanyaje, mpira haurefuki, unapanda tu, ukapanda, ukasimama huko juu ukasalimiana na ndege, ukashuka bwawani, chubwi. Nikadondosha mwingine, kedi akaingiza tena mkono kwenye begi akaigusa PW, nikamwangalia vibaya, nikarudia 52. Chubwi. Sasa nina hasira, nikachukua PW, ila kwa kuogopa isizidi nikaibania katikati ya swingi, ikachomoka chini chini kama jiwe la manati, ikavuka grini, ikaingia kwenye michongoma. Nikaandika 9. Ukitaka kujua gepu weji ni kitu gani mkuu, ndo hiyo 9, kila kitu kingine ni maelezo.

Mtu mwenye akili angerudi kuuliza. Mimi nikarudi KUNUNUA. Nikasema kama kuna shimo kati ya 43.5 na 52 basi niweke 48, nikapata ya mtumba laki moja na themanini, nikaichomeka kwenye begi kwa furaha. Mnajua kilichofuata ee? Fimbo 14 ndo mwisho kwa sheria. Mimi nilikuwa nazo 14 tayari. Wiki ile ile nacheza medali nyingine, tumetoka shimo la tatu, mama mmoja mstaafu tuliyepangwa naye ananiambia kwa upole kabisa, "mwanangu, hebu hesabu fimbo zako." Kumi na tano. Adhabu mapigo mawili kwa kila shimo ulilocheza nazo, mwisho manne, nikayala yote manne, ikabidi nitangaze mbele ya watu natoa ipi kisha niigeuze kichwa chini ndani ya begi ikae hivyo mpaka tunamaliza, kama mtoto aliyepigishwa magoti mbele ya darasa. Na kwenye begi la yule mama, nilichungulia, kuna A. Ya seti. Akiwa na yadi mia anaitoa bila hata kufikiri. Ya kina mama na wastaafu, sawa, Mungu anajua kuchekesha.

Sasa hii 52 ya kila mtu inatoka wapi? Inatoka kwa wachezaji wanaotumia bledi (aironi zenye kichwa chembamba), PW zao bado ni 46, 47, huko 52 inakaa vizuri, digrii tano au sita zaidi ya PW, halafu 56, halafu 60. Zamani hata sisi wengine PW zetu zilikuwa huko, 47, 48, na sendi weji 55 au 56, watu wakaishi na hilo pengo bila kelele. Baadaye viwanda vikaanza kulaza lofti (kupunguza digrii) ya aironi, fimbo za chuma, kila toleo ili uende dukani upige aironi 7 useme "mamaa imeenda!", M4 yangu aironi 7 ni 28.5, ya zamani ilikuwa 34, 35. Haki yao, vichwa vya siku hizi vinanyanyua mpira kirahisi hata lofti ikilala. Ila PW nayo ikalazwa humo humo, na sendi weji haiwezi kulazwa maana bunka (shimo la mchanga) ni ile ile, mchanga ule ule. Pengo likatoka kwenye 7 au 8 likawa 11, 12. Halafu anakuja mtu wa video kule mtandaoni mwenye kofia, "your boy carries 52, 56, 60," na muuzaji anakariri, na wewe kesho asubuhi unatuma hela.

Kwa hiyo wewe: 44 mpaka 56 ni digrii 12. Ukichukua 52 unapata pengo la 8 huku na 4 kule, yaani ugonjwa wangu ule ule. Ukichukua 50 unapata 6 na 6. Sita ni kubwa kidogo lakini anaimudu mtu wa kawaida mwenye fimbo moja ya kuongeza. Na kabla ya hiyo 50, angalia kama seti yako mpya ina A yake au G au U au W au vyovyote walivyoiandika, kila kiwanda kina herufi yake ili tuchanganyikiwe vizuri. PING G425 kwa mfano PW ni 44.5 na gepu weji wao wanaiita UW, ni 49.5. Hiyo ya seti ndo ningeichukua mimi, uso wake na uzito wake vinafanana na PW yako, na gepu weji kazi yake kubwa ni swingi kamili kutoka feawei (njia ya majani mafupi), siyo zile mbwembwe za kufungua uso pembeni ya bunka. Mbwembwe ni za 56. Sijui nani alitudanganya kila weji lazima ifanye sarakasi.

Ila hata hayo ya digrii usiyaamini kwa kusoma tu. Fimbo inaweza kuwa imeandikwa 50 na ukiiweka kwenye mashine ya fundi ni 49 au 51. Pima yadi. Beba mipira yako mwenyewe, siyo ile ya renji iliyochoka, jioni uwanja ukiwa mtupu, piga PW kumi na sendi weji kumi, tupa miwili bora na miwili mibovu (usitupe mibovu tu, nawajua), hesabu inapotua, siyo inapoishia kubingirika. Halafu gepu weji ni ile inayotua katikati ya hizo namba mbili. Basi. Sijali imeandikwa nini. Na upime pale unapocheza. Rafiki yangu alipimia Arusha, kule ni mita kama 1,400 juu ya bahari, mpira unakwenda mbali kwa asilimia kama tano, akaja Gymkhana hapa Dar na upepo wa bahari usoni akawa kila kitu kinakufa kabla ya grini, akaanza kulaumu ugali.

Baunsi na shafti tutaongea siku nyingine. Kwanza rudi kwa huyo jamaa umuulize swali moja tu, "kwa nini 52?" Akikujibu kwa jina la mchezaji wa kwenye tivii badala ya kukuuliza PW yako inafika wapi, toka na glavu zako.

Kuhusu ile A yangu, niliitafuta. Yule muuzaji alishaiuza kwa elfu themanini, na aliyeinunua ni kedi wangu, yule yule wa "bosi shika chini kidogo." Kila Jumatatu makedi wanapocheza anawanyoosha wenzie nayo kutoka yadi mia na nne, na wanawekeana hela. Nimempandia mpaka laki na nusu. Ananiangalia kwa huruma, anaifuta uso na taulo langu, anasema "bosi, tafuta 52."