Kwa Mliofika Juzi Kwenye Benchi la PCR

Wiki hii mwanafunzi wa atachimenti, mtoto mwenye bidii na adabu zake, alinionyesha kwenye simu picha ya jeli ya PCR, ile njia ya kunakili jeni unayoitafuta hadi ionekane kwenye jeli kama bendi. Bendi zimenyooka, ngazi ya kupimia ukubwa imetengana vizuri, kila kitu kinang'aa. Nikatafuta mstari wa maji (PCR ya maji bila sampuli, isiyotakiwa kutoa bendi) sikuuona. Nikamuuliza uko wapi. "Nimeukata, mwalimu, ili picha ikae vizuri kwenye slaidi." Nilimeza mate, nikaenda kutafuta chai. Nikisema kwa mdomo mnaitikia "sawa, sawa" huku mnaangalia saa, kwa hiyo nimeamua kuandika. Someni mkiwa kwenye foleni ya Ngong Road, muda mnao.

1. Mjue bakteria kabla ya kumtafutia jeni.

Kila mwaka lazima mmoja aje mbio akishangilia kwamba Klebsiella pneumoniae zake zote zina blaSHV, jeni ya kimeng'enya kinachovunja penisilini. Ndiyo, mwanangu, zina. Jeni hiyo imo kwenye kromosomu yao tangu jadi, na ndiyo maana hatujisumbui kuwawekea diski (kikaratasi chenye dawa) ya ampisilini. Ukitaka kusema ni ESBL, kimeng'enya kinachovunja hata sefalosporini kama sefotaksimu, soma mfuatano wa jeni ujue ni SHV ipi, kwa sababu SHV-1 ambayo haina makuu na SHV-12 ambayo ni ESBL zinatoa bendi ile ile. Acinetobacter baumannii naye ana blaOXA-51 yake ya kuzaliwa. Tunaitumia kuthibitisha kwamba ni baumannii kweli. Ukitaka kuogopa, tafuta blaOXA-23, inayovunja kabapenemu, dawa zetu za akiba. Nimewahi kuona bango likitangaza kwamba asilimia 100 ya Acinetobacter wa ICU wana jeni ya OXA, na watu wazima wakasimama kupiga picha nalo.

2. Maji.

Hapa nitakaa.

Nilipokuwa mgeni kama nyinyi nilikabidhiwa isoleti (bakteria waliooteshwa) za mkojo na damu kutoka wodi mbalimbali, nitafute jeni za usugu blaTEM, blaSHV na blaCTX-M. Kwenye jeli ya kwanza ya TEM, mstari wa maji ulikuwa na bendi. Hafifu, ya kukonyeza tu. Nikajiambia sampuli ya jirani imemwagikia tundu. Nikarudia, nayo ikarudi. Ndipo nikafanya kile ninachowaona mkifanya: nikaacha kuweka maji. Sababu nilikuwa nayo, tena nzuri. Praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoielekeza PCR kwenye jeni) zilikuwa zinaisha, oda mpya ingechukua wiki nyingi kufika, mastamiksi (mchanganyiko wa PCR) ni ghali, kwa nini niipoteze kwa maji? Mtu akitaka kujidanganya huanza kwa kuonea bajeti huruma.

Matokeo yakanoga. Kila isoleti ilikuwa na TEM. Hata Staphylococcus aureus, ambao nilikuwa nao kwa ajili ya mecA, jeni ya usugu wa methisilini, nikaona si vibaya kuwajaribu. Mtu mwenye akili iliyotulia angesimama hapo hapo, maana S. aureus huvunja penisilini kwa blaZ. TEM si ya ukoo wao. Mimi nilianza kuandika muhtasari wa kongamano. Nilishachagua na suti.

Ijumaa nikawasilisha mbele ya idara. Kulikuwa na mzee mmoja wa maikrobiolojia ambaye kila kikao alikaa nyuma na kufumba macho, tukadhani analala. Nilipofika kwenye slaidi ya TEM akayafumbua. "Maji yako yanasemaje?"

"Hayana tatizo, daktari."

"Sijauliza kama yana tatizo."

Chumba kizima kikawa kinaangalia viatu vyangu. Jumatatu aliniamuru niendeshe PCR ya maji matupu, mirija yote, bila sampuli hata moja. Jioni jeli ikawaka TEM kutoka upande huu hadi ule, kwenye maji.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo bado inaniuma. Nilibadilisha maji. Nikabadilisha ncha za pipeti, nikafuta benchi kwa jiki hadi macho yakatoka machozi, nikahamia chumba kingine. Bendi haikuondoka. Basi nikaanza kumtazama mtu. Tulikuwa na dada aliyetuandalia jeli na kugawa mastamiksi, mtu aliyekuwepo kabla yangu na aliyenifundisha hata kushika pipeti. Nilimwendea bosi, mlango nikiufunga, nikamwambia kwa sauti ya kuhurumia kwamba huenda dada amechoka, huenda mkono wake si mwangalifu siku hizi. Bosi akamuuliza. Dada hakujibu kitu. Alichukua kikombe chake cha chai akahamia meza ya mbali, na tangu siku hiyo akawa ananisalimia kwa "habari" kavu kama mgeni wa ofisini.

Aliyegundua ni yeye. Alitoa chini ya friza mrija wa Taq, kimeng'enya kinachonakili DNA kwenye PCR, wa loti nyingine, kutoka kampuni nyingine, akaendesha maji kwa kimeng'enya kile na maji kwa kimeng'enya changu, sambamba kwenye jeli moja. Upande wake giza tupu. Wangu, TEM. Akaiacha picha juu ya daftari langu bila neno.

Kimeng'enya hicho hutengenezwa ndani ya E. coli iliyopachikwa plasmidi (kiduara cha DNA kilicho nje ya kromosomu), na plasmidi hizo mara nyingi hubeba jeni ya kustahimili ampisilini ili watengenezaji waweze kuchagua koloni zilizoipokea. Jeni yenyewe ni blaTEM. Usafishaji usipokamilika, vipande vyake vinasafiri ndani ya mrija hadi kwenye benchi lako. Wala si ajali yangu peke yangu: mwaka 2007 watafiti walichapisha kwamba Taq iliyochafuka namna hiyo ilikuwa imewafanya waone TEM ndani ya Streptococcus pneumoniae, jambo ambalo lingetikisa dunia lau lingekuwa kweli. Wao walikiri haraka. Mimi niliondoa muhtasari kimya kimya, nikarudia kila kitu. Klebsiella na E. coli wengi walibaki na TEM yao halali, wengine wakaipoteza, na S. aureus wote wakatoka watupu.

Nilimwomba dada msamaha mbele ya bosi. Akasema "sawa" na kuendelea kupima agarosi. Mpaka leo sijui kama alinisamehe au alinichoka.

Kwa hiyo maji kila safari, na ukitafuta TEM weka mirija miwili au mitatu ya maji. Loti mpya ya kimeng'enya ianze na maji kabla haijagusa sampuli. Na mstari wa maji unabaki kwenye picha. Slaidi yako ikikosa nafasi, punguza nembo.

3. Mastamiksi haichanganywi kwenye chumba cha jeli. Sitaeleza tena.

4. Acheni kuotesha isoleti upya kila Jumatatu kwenye agari isiyo na dawa. Jeni nyingi mnazozitafuta ziko kwenye plasmidi, na bakteria asiyeona dawa anaweza kuitupa. Halafu unakuja kulalamika kwamba daktari wa wodi aliripoti usugu ambao wewe huuoni. Oteshea kwenye sefotaksimu au meropenemu kulingana na unachowinda, na toa DNA kwenye kizazi cha mapema.

5. PCR hasi haimaanishi dawa itafanya kazi.

Praima hujibu swali uliloliuliza tu. Ile PCR ya pamoja ya jeni tano za kabapenemesi, vimeng'enya vinavyovunja kabapenemu, mnaijua kwa urefu wa bendi zake: KPC jozi za besi 798, NDM 621, OXA-48 438, VIM 390, IMP 232. (OXA-48 na VIM zimekaribiana. Tumia jeli ya asilimia 2, na iache itembee. Kuna kijana aliongeza volti ili awahi matatu kabla ya mvua, bendi zikapinda kama zinacheka, akaripoti VIM isiyokuwepo.) Jeni ya sita ikija, PCR hiyo itanyamaza, na ukimya huo ndio mnaoupenda kuuita "nyeti".

Fikirieni NDM. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka 2009, kwa mgonjwa wa Sweden aliyekuwa amelazwa New Delhi. Mwaka 2011 ikachapishwa habari ya Klebsiella pneumoniae wenye NDM-1 hapa Nairobi, kutoka kwa wagonjwa waliolazwa kati ya 2007 na 2009. Maana yake bakteria hao walikuwa wodini mwetu kabla jeni haijapewa jina. Hakuna praima duniani ambayo ingewapata wakati huo. Diski ya kabapenemu ingewaona.

Kwa hiyo diski kwanza. mCIM, kipimo cha kuona kama bakteria wako ameivunja dawa ya diski, inahitaji diski ya meropenemu ya mikrogramu 10, mchuzi wa kuoteshea wa TSB, saa 4 za inkubeta, na E. coli ATCC 25922, asiye sugu, kwenye agari ya Mueller-Hinton. Kesho yake duara tupu kuzunguka diski likiwa la milimita 6 hadi 15 linakuambia kabapenemesi ipo, 19 na kuendelea haipo. Ukiongeza kemikali ya EDTA na duara likapanuka kwa milimita 5 au zaidi, shuku NDM na ndugu zake. Haidai praima, wala haijali jeni inaitwaje. Ikisema ipo na PCR ikasema haipo, usiifute mCIM ili jedwali lipendeze. Hiyo ndiyo isoleti ya kupeleka kusomwa jenomu. Na jihadharini na OXA-48, huvunja kabapenemu polepole na hujificha karibu na mpaka wa "S", yaani dawa inafanya kazi.

Kolistini, nayo dawa ya akiba, haipimwi kwa diski. Molekuli ni kubwa, haitambai kwenye agari. Pimeni kwenye mchuzi.

6. Friza.

Wale Klebsiella wa 2007 walijulikana kwa sababu kuna mtu aliwahifadhi vizuri na kuandika wametoka wapi. Gliseroli asilimia 20, nyuzi 80 chini ya sifuri, mirija miwili kwenye friza mbili tofauti. Kwenye rejista andika wodi, aina ya sampuli na tarehe, si "KP 14 mpya". Nina sanduku zima la "mpya" za watu waliokwisha kuhitimu, na siwezi kujua ipi ilitoka kwa mtoto mchanga na ipi ilitoka kwenye sinki. Lebo iandikwe kwa kalamu isiyofutika kwa ethanoli. Stima ikipotea usifungue friza kuangalia kama bado ina baridi. Mpigie fundi wa jenereta. Namba yake imebandikwa mlangoni, chini ya ile ratiba ya usafi ambayo hakuna anayeifuata.