Maswali na Majibu: Misitu ya Milimani, Maji na Joto Linalopanda

Barua za safari hii nyingi zimetoka milimani: Kilimanjaro, Usambara, Uluguru, Mufindi, Hanang, na moja kutoka Nyeri, Kenya. Wengi mnauliza tupande nini ili kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Nitajibu, ila mtanivumilia nikiwarudisha mara kwa mara kwenye msitu ambao bado umesimama. Huo ndio unaofanya kazi leo. Mche wa leo utaanza kazi hiyo watoto wenu wakishakuwa watu wazima.

"Utotoni mwangu mfongo wetu, mfereji wa maji, haukukauka. Siku hizi ikifika Septemba ni tope tupu. Vijana wanasema ni kwa sababu theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imekwisha. Ni kweli? Na tukipanda miti, maji yatarudi?" (Mzee wa Kibosho)

Shikamoo mzee wangu. Theluji imepungua kweli, tena sana. Kati ya 1912 na 2011 eneo la barafu ya Kibo lilipungua kwa takribani asilimia 85. Lakini mfongo wako haukuwa ukitegemea theluji. Kule juu jua ni kali na hewa ni kavu, kwa hiyo sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja, na ile inayoyeyuka ni kidogo mno kulisha vijito vya Kibosho, Uru na Machame. Karibu maji yote ya mlima yanatoka kwenye ukanda wa msitu. Upande wa kusini mvua kubwa kuliko zote hunyesha kwenye mwinuko wa mita 2,200 hivi, msituni katikati. Inazama taratibu kwenye udongo uliojaa majani yaliyooza, kisha inatokea huku chini kwenye chemchemi zenu.

Juu zaidi mvua hupungua na ukungu unashika zamu. Simama chini ya mti wa erika uliofunikwa na kuvumwani, zile nyuzi kama ndevu zinazoota matawini, asubuhi ambayo hakuna tone la mvua. Matawi yanadondosha maji, shingo inalowa, ardhi chini ya mti imelowa chapachapa, na hatua kumi pembeni, mahali pasipo na mti, njia ni kavu. Vile vijani vyembamba na kuvumwani vinakamata ukungu na kuugeuza maji. Mti ukiungua, ukungu unapita zake bila kuacha kitu.

Na miti hiyo imeungua kwa kiasi cha kutisha. Andreas Hemp, mtafiti aliyefanya kazi Kilimanjaro kwa miaka mingi, alionyesha kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita tangu miaka ya 1970, na kwamba maji tunayoyapoteza kwa kuungua msitu huo ni mengi kuliko tunayoyapoteza kwa kuyeyuka barafu. Moto ule wa Oktoba 2020 peke yake ulipita kwenye takribani kilomita za mraba 95. Joto likipanda na kiangazi kikirefuka, nyasi na vichaka vya juu vinakauka mapema, na cheche moja inatosha.

Kwa hiyo mzee, maji ya mfongo yanalindwa kwanza kwa kuzuia moto kule juu. Upandaji una mahali pake: ule ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na mbao bila kuugusa msitu wa juu. Sehemu nyingi umebaki jina tu. Hapo pandeni, na kwa wingi. Kihambani, yaani kwenye mashamba yenu ya nyumbani, msikubali kushawishiwa kung'oa mfuruanje na mringaringa ili mahindi yapate jua. Kivuli kile kinashika unyevu wa kahawa na migomba, na mwaka 2011 kihamba cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Wazee wenu walijua walichokuwa wakikifanya.

"Mimi ni mpagazi. Kila moto ukitokea mlimani tunalaumiwa sisi. Tufanye nini?" (Kijana wa Marangu)

Pole kaka, kazi yenu ni ngumu na ndiyo maana mnaitana wagumu. Mwaka 2020 taarifa za awali zilitaja moto uliowashwa na wapagazi kupasha chakula eneo la Whona, na tangu hapo lawama imewaganda wote. Lakini mpagazi hawashi kuni kwa ukorofi. Anawasha kwa sababu ana njaa na baridi, na kampuni iliyompeleka haikumpa jiko wala gesi ya kutosha. Ombi langu kwenu: kabla ya kupanda, ukaguzi wa mizigo uhusishe gesi ya wapagazi, na kiongozi wa msafara asikubali kuvuka geti bila hiyo. Na mkiona moshi, pigeni simu hapo hapo, hata kama mnadhani mwingine ameshapiga. Saa mbili za kwanza zina thamani kuliko ndege siku ya tatu.

"Jirani amepanda mikaratusi juu ya chemchemi tunayotumia kaya nyingi. Anasema ni shamba lake na nguzo zina bei. Maji yamepungua. Tumfanye nini?" (Mama mkulima wa mboga, Lushoto)

Mama, sheria iko upande wenu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu zinazoathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, liwe shamba la mtu au la kijiji. Anzeni kwa serikali ya kijiji na jumuiya ya watumia maji. Nendeni na kamba ya kupimia, msiende na matusi.

Mkaratusi nao tuusemee haki. Hauna uchawi. Unakunywa sana kwa sababu unakua haraka na mizizi yake inashuka chini kabisa kufuata maji hata kiangazi, wakati miti mingine imepumzika. Kwenye kilima kikavu mbali na maji, kwa nguzo na kuni, unawapunguzia watu haja ya kuingia msitu wa asili, na hilo ni jema. Kosa ni mahali ulipopandwa.

Msiukate wote siku moja, mtaacha mteremko uchi na masika italeta tope ndani ya chemchemi. Pandeni kwanza mikuyu, mizambarau mwitu na mringaringa katikati yake. Mwaka wa pili au wa tatu anzeni kukata mikaratusi kwa awamu, mkianzia ile iliyo karibu na maji. Kumbukeni kisiki chake huchipua. Kila machipukizi yanapotokea, yavunjeni, hadi kisiki kichoke. Na jirani aachiwe auze nguzo zake kwa amani, maana mtu asipopata hasara hana sababu ya kugoma.

"Shikamoo. Klabu yetu ya mazingira hupanda miche kila mwaka kwenye mteremko ulio juu ya shule, na kila mwaka mingi inakufa. Tunakosea wapi?" (Mwanafunzi wa sekondari, Same)

Marahaba mwanangu. Mara nyingi miche hufa kwa sababu ya tarehe. Sherehe hupangwa siku ambayo mgeni rasmi ana nafasi, udongo ukiwa umeanza kukauka, kisha hakuna anayerudi. Mche upandwe mvua ikiwa imeshalowesha ardhi vizuri, mwanzoni mwa masika, ili mizizi ipate wiki nyingi za unyevu kabla ya kiangazi.

Ila kabla ya kuomba miche mingine, nendeni mteremkoni mkaangalie chini. Nina hakika mtakuta visiki vinavyochipua, vilivyogeuka vichaka kwa sababu ya mbuzi na panga. Kule Dodoma wanaita kisiki hai. Chagua kisiki chenye machipukizi mengi, acha matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine kata. Yale uliyoyaacha yapogolee matawi ya chini hadi nusu ya urefu wake. Funga kitambaa kwenye shina ili mchungaji na mkata kuni wajue huo una mwenyewe. Rudi baada ya miezi michache, kata vichipukizi vipya vilivyojitokeza chini. Mti huo tayari una mizizi ya miaka mingi chini ya ardhi, hauhitaji kumwagiliwa, na ni wa pale pale. Shinyanga walifanya jambo la jamaa hiyo kwa ngitili, maeneo ya malisho yaliyofungwa kwa msimu, na chini ya mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 nchi iliyokuwa imekuwa jangwa ilirudisha vichaka na miti.

Miti mingine haitaki njia nyingine kabisa. Mkulo wa milima yetu huotesha mbegu kwa nadra, na wadudu huzila. Unajirudisha zaidi kwa machipukizi ya mizizini. Ukiulima udongo unaouzunguka ili upande miche ya kigeni, umeua msitu uliokuwa unakuja wenyewe.

"Nina ekari 5 za mipaina. Nimesikia watu wanalipwa kwa hewa ya ukaa. Nianzie wapi?" (Mufindi)

Kwa ekari 5 peke yako, ndugu, usikae ukisubiri pesa hiyo. Gharama ya kupima na kuhakiki itameza malipo yote. Wanaofaidika wazi ni vijiji vyenye msitu wa asili mkubwa uliowekwa chini ya hifadhi ya kijiji, kama vile vya Milima ya Ntakata, Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, ambako fedha za hewa ya ukaa, yaani kaboni, zimejenga madarasa na zahanati. Wao wanalipwa kwa kutokukata. Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni tangu 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mtu akikuletea mkataba, peleka huko ukaulizie kabla ya kusaini.

Faida yako iko kwenye ubao. Punguzia miti na kuipogolea kwa wakati ili upate magogo manene, maana ubao uliopaulia nyumba unaendelea kushika kaboni kwa miongo, wakati paina mwembamba unaishia kuwa kuni. Safisha njia ya moto kila Juni, shirikiana na majirani zako, kwani moto hausomi mipaka. Na tafadhali, bondeni kwenye vinyungu, zile bustani za ardhi yenye maji, usipeleke milingoti, yaani mikaratusi.

"Baada ya yaliyotupata Desemba 2023, tunaambiwa tupande miti mlima usiporomoke tena. Itatosha?" (Katesh)

Poleni sana. Maporomoko ya Mlima Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023 yalichukua watu zaidi ya 80, na majibu ya haraka haraka hayawatendei haki.

Mizizi inashika tabaka la juu la udongo, kwa kawaida mita moja hadi mbili. Maporomoko madogo ya masika, yale yanayokula shamba na barabara, miti inayazuia vizuri, hasa ikichanganywa na nyasi za vetiva au matete kwenye makinga maji. Lakini mvua kubwa ikishalowesha mwamba dhaifu hadi ndani kabisa na kipande cha mlima kikaachia, hakuna mzizi unaofika huko. Hapo kinachookoa maisha ni kutojenga kwenye mikondo ya zamani ya tope, na tahadhari inayowafikia watu usiku.

Hatari nyingine haisemwi sana: mteremko ukikatwa miti yote kwa mpigo, mizizi huoza polepole, na miaka michache baadaye, kabla mipya haijashika, ndipo ardhi inakuwa dhaifu kuliko wakati wowote. Kwa hiyo mlimani vuneni mti mmoja mmoja, wa umri tofauti.

"Huku kwetu mjadala wa shamba system hauishi. Wewe unaunga mkono au unapinga?" (Nyeri)

Naunga mkono mahali pamoja tu: kwenye shamba la miti lililovunwa, ambako mkulima analima viazi au maharagwe kati ya miche kwa miaka michache, anapalilia, kisha anaondoka miche ikifunga kivuli. Hapo serikali inapata miti kwa gharama ndogo na familia inakula. Yalipoharibika ni pale miche ilipodumazwa makusudi ili shamba liendelee, au jembe lilipoingizwa msitu wa asili kwa jina hilo hilo. Vyama vya misitu vya jamii, vilivyopewa nafasi na sheria ya misitu ya Kenya ya 2005 na ile ya 2016, viwe na orodha ya wazi: nani ana kipande gani, na anatoka lini. Msitu wa asili wa Aberdare na Mlima Kenya usiguswe na jembe hata kwa msimu mmoja.

"Nina kitalu. Joto linapanda, je, nioteshe mbegu za hapa hapa au nitafute za kwingine?" (Dada wa Mgeta, Uluguru)

Swali zuri mno, na wenye vitalu wachache hulijali. Mlimani joto hushuka kwa nyuzi 0.6 hivi kila unapopanda mita 100. Maana yake nyuzi joto 1 ikiongezeka, mazingira uliyoyazoea mti yanasogea juu kwa mita 150 na zaidi, na mti hauna miguu. Miti ya kileleni haina pa kwenda kabisa.

Changanya. Sehemu kubwa ya mbegu chukua kwa miti mama ya karibu, sehemu nyingine chukua mita 150 hadi 200 chini yako, kwa aina ile ile ya mti, ambako tayari kuna joto unalolitarajia. Usikusanye chini ya mti mmoja uliojaa mbegu kwa sababu ni rahisi. Kusanya kwa miti 15 hadi 30 iliyo mbalimbali, la sivyo kitalu kizima ni ndugu wa tumbo moja na ugonjwa mmoja utawamaliza. Mnakumbuka misaipresi: vidukari walioonekana Malawi mwaka 1986 walifika Kenya na Tanzania ndani ya miaka michache na kukausha mashamba kwa mashamba, kwa sababu ulikuwa mti wa aina moja mlima mzima.

Andika kwenye kila tuta la kitalu mbegu ilitoka wapi, mwinuko gani na mwezi gani. Mteja akija kutoka Kibungo na mwingine kutoka Bunduki, huku huku Uluguru, hutampa kila mmoja mche ule ule.