Mitandao ya kijamii na utalii endelevu: majibu ya maswali yenu

Nikiweka picha ya mahali pazuri mtandaoni, nitakuwa nimeharibu nini?

Picha moja haina neno. Tabu huanza pale maelfu wanapoitaka picha ileile. Mwamba wa Trolltunga, Norway, ulipokea watu wapatao 800 mwaka 2010. Kufikia 2016 walikuwa kama 80,000. Pichani utamwona mtu mmoja ukingoni. Foleni iliyo nyuma yake haionekani, na ndiyo inayochosha njia na waokoaji. Huko Thailand, ghuba ya Maya Bay ilifungwa mwaka 2018 baada ya matumbawe kuharibika kwa wingi wa wageni. Ilipofunguliwa tena 2022, papa wenye mapezi ya ncha nyeusi walikuwa wamesharudi.

Basi nisitaje mahali kabisa?

Inategemea. Kwa mnyama anayewindwa, kama faru, zima huduma ya mahali kwenye simu kabla hujapiga picha, maana picha yenyewe hubeba alama za alipo. Programu ya iNaturalist, ambamo watu huweka picha za wanyama na mimea waliyoiona, huficha mahali hasa pa spishi zilizo hatarini, nawe fanya vivyo hivyo. Lakini kijiji kinachotafuta wageni kitaje kwa jina, na mwongozaji aliyekutembeza mtaje pia akiridhia. Ukinyamaza hapo unamnyima mtu riziki.

Naongoza wageni na wafuasi wangu ni wachache. Mitandao itanifaa nini zaidi ya kuniletea wateja?

Itakusaidia kusema na mgeni kabla hajafunga mizigo, na kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote. Mgeni aliyefika na picha yake kichwani, ukimkataza papo hapo mtagombana. Mwonyeshe mapema kwa video ya nusu dakika: njia ipitwayo, umbali wa kukaa na mnyama, na uzuri wa miezi isiyo na msongamano. Eleza na sababu, kwamba mmea uliokanyagwa huchukua muda gani kuota tena. Watu hutii wanachokielewa, na wengi wanatamani kusaidia. Visiwa vya Faroe vilipotangaza mwaka 2019 kwamba vitafunga vivutio kwa siku chache ili kukarabati njia, na kuomba wageni 100 wa kujitolea, walioomba nafasi walikuwa maelfu.

Tunawalipa wenye wafuasi wengi watutangaze. Tutajuaje kama imelipa?

Msihesabu laiki. Waulizeni wageni walivutwa na nini, wamekuja msimu gani na wanalala usiku mingapi. Kisha waulizeni wenyeji wamebakiwa na fedha kiasi gani.