Ameathiriwa, au ameumia?

Mwalimu mmoja wa Shela, Lamu, anauliza: "Natafsiri fomu ya ajali kwa manahodha wa boti za abiria. Kitenzi cha Kiingereza injure asili yake ni nini, na kwa Kiswahili nikiite jeruhi, umiza, dhuru au athiri?"

Mwalimu wangu, asili haina marefu. Neno limetokana na injuria la Kilatini: in ni kukanusha, jus ni haki. Mzizi wake basi ni kumdhulumu mtu. Kumtoa damu kumekuja baadaye. Jeruhi letu ni la Kiarabu, na tangu huko ni neno la kidonda.

Lakini umelitia athiri kwenye orodha, na hapo umenitonesha. Juzi nilikuwa barazani, mtaa wa Langoni, redio inasoma habari: watu wanne wameathiriwa boti ilipopinduka. Bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili akasita, mkono hewani. "Wamekufa ama wazima?" Msomaji keshapita, yuko kwenye bei ya petroli. Mwana wa yule bibi alikuwa baharini siku ile, na ilichukua dakika 20 za kupiga simu kabla hajaisikia sauti yake. Neno moja lililo wazi lingemwondolea mama yule mateso hayo.

Athari ni alama inayobaki kitu kikishapita, kama nyayo mchangani hapo kwenu Shela maji yakitoka. Yaweza kuwa njema, yaweza kuwa mbaya. Kiarabu kimeathiri Kiswahili, hakikukijeruhi. Ukame ukiwaathiri wafugaji sina neno, maana madhara yake ni mengi na hayahesabiki kwa mkupuo.

Sasa chukua punda katika vichochoro vyetu, kabeba mawe ya kujengea. Akikubana ukutani goti likakwaruzika, umechubuka. Akikukanyaga kidole kikakatika mfupa, umevunjika. Akikupiga teke la mbavu, umeumia. Akikumwagia mchanga kwenye kanzu ya Ijumaa, kakuchafua tu. Rudi nyumbani useme "nimeathiriwa na punda", uone kama mkeo atajua alete bendeji au sabuni. Kila pigo lina jina lake, na wazee wetu hawakuyatunga majina hayo yakae bure.

Kibaya zaidi ni hawa waathiriwa. Aliyeuawa, aliyeibiwa, aliyebakwa, aliyeunguliwa na nyumba ya makuti, wote siku hizi wanaitwa jina hilo hilo. Mtu kafanyiwa jambo, nasi kwa kuona haya au kwa uvivu tunalifunika. Huko ndiko kudhulumiwa mara ya pili, na naikasirikia kila ninapoisikia.

Dhuru ni pana, lakini ina mipaka yake: chumvi humdhuru mwenye presha bila hata tone la damu. Kwa fomu ya ajali haitoshi. Umiza ni la maumivu, jeruhi ni la mwili uliopasuka, uliokatika au uliovunjika.

Kwa hiyo andika "Majeruhi", na kando yake "Waliokufa" na "Waliopotea", kila kimoja na safu yake. Chini yake uliza: ameumia wapi, na ameumizwa na nini? Nahodha ataandika "mkono wa kulia, kamba ya nanga", na daktari atajua pa kuanzia.